Mkono Niliomkata Masika

Keshero, Goma

Papa wangu,

Mimi ni mzima. Naanza na hilo kabla ya salamu, unisamehe, maana nimesikia kwamba huko Butembo mmeniombea misa ya marehemu, na kwamba Mama alivaa nyeusi mpaka majirani wakaleta maharagi na makala ya kuwashia moto wa msiba. Mwambieni padri aigeuze ile misa iwe ya shukrani. Maharagi msiyarudishe, kuleni tu. Nina mikono yangu miwili, miguu miwili, na kovu la meno begani ambalo nitalieleza.

Sasa salamu. Goti lako linaendeleaje? Najua majira haya mvua haikati huko, na ule mteremko wa kwenda machinjioni unateleza kama sabuni. Kubali basi mtu akushike mkono asubuhi, hakuna atakayekucheka. Na Mama, presha yake imeshuka? Anakunywa dawa, au anaziweka tena chini ya mto akisema atazinywa akizidiwa? Sisi huku tunashukuru Mungu. Chakula kipo kidogo, sambaza, samaki wetu wadogo wa ziwani, wanapatikana, na siku nyingine tunalala bila kusikia risasi.

Barua hii inaletwa na mama mmoja mwuza vitenge, jirani wa shangazi. Barabara yetu ya kawaida haipitiki, kwa hiyo atatokea Bunagana, azunguke Uganda, aingie kwa Kasindi, ndipo afike kwenu. Mpeni chai na mahali pa kulala. Ningepiga simu, lakini simu yangu ilichukuliwa, na hata ningekuwa nayo, haya nisingeweza kuyasema kwa mdomo. Barua nayo ina macho mengi njiani, basi wenye bunduki sitataja majina yao wala upande wao. Kusema kweli sikuwauliza.

Najua kazi yangu hujawahi kuielewa vizuri. Mara ya mwisho tulipoongea ulicheka ukasema mtoto wa mchinjaji amekwenda Goma kufungulia nyama hospitali. Ngoja nikueleze tangu mwanzo. Nilikuja kumsaidia shangazi kwenye kibanda chake cha nyama, hilo unalijua. Kituo cha wanyama cha hapa Keshero kilikuwa kikinunua kwake mabaki ya kuwalisha tai na bundi waliovunjika mabawa, wakamwomba mtu asiyeogopa damu awe anawakatia. Shangazi akanitoa mimi. Nilianza kwa kukata nyama, nikaja kushika wanyama wakati vidonda vinafungwa, na mwishowe Dokta Esperansi, mganga wao, akaanza kunifundisha kazi yenyewe. Wanaoletwa kwetu ni wanyama wa porini walionaswa na waya, waliokatwa mapanga mashambani, waliogongwa na pikipiki, au waliokamatwa wakiuzwa. Tunawatibu, tunawazoesha tena kujitafutia chakula, kisha wanarudishwa msituni. Hatuwafugi.

Dokta ni mwanamke wa milima ya Masisi, kwa wenye ng'ombe. Ananitania kila siku. "Nyiye batu ya Butembo mukiona ng'ombe munaona kilo," anasema. "Siye tunaona jina yake, na jina ya mama yake." Mimi namjibu kwamba ndiyo maana sisi tumejenga maghorofa na wao bado wanaimbia ng'ombe. Tunacheka, kazi inaendelea.

Kosa langu la kwanza lilitoka kwako, Papa. Aliletwa ngedere aliyekatwa panga pajani huko Kiwanja, katika shamba la mahindi. Dokta alikwenda chumba cha pili kuchukua uzi, akaniachia mgonjwa mezani. Mikono yangu ikafanya ilivyozoea. Nilimsogeza mpaka kichwa kikaning'inia ukingoni mwa meza, nikapanua kidonda, nikaweka beseni chini, nikasimama kusubiri damu ishuke yote. Wala sikuwaza. Tangu nikiwa mdogo nimekusikia ukisema damu ikibaki ndani nyama inaharibika kabla jua halijazama. Nilijisifu hata moyoni kwamba hakuna tone lililoanguka sakafuni. Dokta aliporudi akaniona na beseni langu, alinisukuma kwa bega nikaangukia ndoo.

"Kavira, unafanya nini? Unamuchinja?"

"Natosha damu inje, Dokta."

"Damu ya huku inabakiaka ndani," alisema, na tayari vidole vyake vilikuwa vimeingia katika kile kidonda vikikandamiza.

Ngedere alipona kwa serumu aliyotundikiwa na kwa huruma ya Mungu, si kwa akili yangu. Siku ile Dokta alinirudisha kwenye nyama za tai. Kesho yake alikumbuka lile beseni akacheka mpaka akakaa chini. Basi nikaanza kujifunza upya, mwanamke mzima: kukandamiza kwanza, kutafuta mshipa, kuufunga kwa uzi, ndipo mengine. Ilinichukua muda mrefu kuzoea kwamba hapa mnyama akiacha kurusha miguu si dalili njema.

Kisha akaja Masika. Dada, mwenye jina hilo, asisikie mapema, maana atavimba. Huyu ni sokwe, yule mnayemwita sokomutu, jike mdogo, kimo cha mtoto anayeanza kukimbia. Walimkuta kwenye lori, huko Kanyaruchinya, amefichwa chini ya mifuko ya makala, mweusi kwa vumbi hata macho hayaonekani. Mama yake bila shaka aliliwa, kwa maana mama wa sokwe hakuachii mtoto akiwa hai. Dokta aliuliza tumpe jina gani. Nikasema kwetu mtoto wa kike wa kwanza hana mjadala, anaitwa Masika, na huyu ndiye sokwe jike wa kwanza kuingia hapa. Jina likabaki.

Mkono wake wa kushoto ulikuwa na waya wa mtego. Uliingia juu kidogo ya kiganja, na kwa muda aliokaa nao nyama ilikuwa imeota juu yake. Tulipoutoa alinishika shingoni kwa ule mkono mzima, na tangu siku hiyo hakutaka kuniachia. Nilimbeba kiunoni nikifagia, nikikata nyama za tai, nikila. Usiku nilipoondoka alilia kama mtoto aliyeachishwa ziwa. Dokta alinionya nisizidishe, nikasema ndiyo, na sikufuata. Nilimpenda, Papa, nasema wazi.

Lakini mkono ulikuwa umekufa. Vidole vilianza kuwa vyeusi, kisha kiganja, kisha harufu ikaja, ile harufu unayoijua wewe na mimi, ambayo mteja akiisikia anapita kibanda bila kusalimu. Dokta alisema sumu inapanda, na mkono usipokatwa kwenye kiwiko Masika atakufa. Alipanga kuukata asubuhi iliyofuata. Alitayarisha vyombo vyake, akavifunga kwenye kitambaa, akaniambia nimnyime Masika chakula cha jioni. Asubuhi hiyo ndipo vita ilipoingia mjini.

Nilikuwa nimefika kituoni mapema. Mara ya kwanza tulidhani ni radi za ziwani. Halafu bombe ikaanguka upande wa pili wa barabara, mabati ya jirani yakapaa, na kelele za watu zikafuata nyuma. Risasi zilipita juu ya mabanda yetu zikitoboa mabati. Nyani walijirusha kwenye waya za mabanda mpaka wakatoka damu puani. Korongo mmoja mwenye taji, ambaye bawa lake lilikuwa limeshaunga na alikuwa anasubiri tu siku ya kupelekwa, alipigwa risasi shingoni. Alikimbia bila kichwa kukaa sawa, akazunguka, akaanguka kwenye maji yake ya kunywa. Dokta alikimbia kufungua banda la ndege wengine, na bombe ya pili ikaangusha ukuta wetu wa mawe ya volkano. Ukuta ulimwangukia mkono wa kulia.

Tulimtoa mimi na Muzee Bahati, mlishaji wa wanyama, mtu wa makamo mwenye maneno machache. Mkono wa Dokta ulikuwa umesagika. Vidole vitatu vilielekea kusiko. Nilikandamiza kama alivyonifundisha, nikafunga. Nilitaka tumpeleke hospitali, nikachungulia getini. Barabarani alikuwa amelala mwanamume wa chukudu, gari lake la mbao limemfunika, mifuko ya unga imepasuka, na ule unga mweupe ulikuwa unanywa damu yake. Mama mmoja aliyetoka kumvuta alipigwa tumboni akakaa chini taratibu, kama mtu aliyechoka na mzigo. Nilifunga geti. Sijui kama nilifanya vibaya. Ninawaona wote wawili mpaka leo.

Dokta alikuwa amekaa kwenye benchi, uso umekuwa rangi ya majivu. Neno lake la kwanza halikuwa la mkono wake.

"Masika haitafika kesho," alisema. "Utamukata weye."

"Dokta, miye sijui."

"Miye nitasema, weye utakata. Kinywa yangu haiyavunjika."

Nilikwenda kuwasha moto wa kuchemshia maji, na kabla hayajachemka geti likapigwa teke. Waliingia watu sita au saba wenye bunduki, wamelowa, macho mekundu. Mmoja wao alikuwa amefunga mguu kwa kitenge. Walichukua simu zetu, sahani ya jua ya umeme, friji ndogo yenye dawa, na kile kitambaa cha vyombo vya Dokta, kwa sababu viling'aa. Chupa nyingi za dawa walizivunja wakinusa kama ni pombe. Muzee Bahati alipigwa kitako cha bunduki mdomoni kwa sababu alichelewa kusema yeye ni nani. Alitema meno mkononi akayaweka mfukoni.

Mkubwa wao alitembea mbele ya mabanda akiangalia, kama wateja wako wanavyoangalia Jumamosi.

"Iko nini mu iyi nyumba?"

"Ni banyama bagonjwa, muzee," nikasema.

"Siye njo bagonjwa. Tuko bagonjwa ya njala." Akasimama kwa Masika, aliyekuwa amejikunja kwenye kona na mkono wake mweusi. "Iyi ndogo iko na nyama ya kuiva mbio. Mutoshe inje."

Papa, nilisema bila kuchagua maneno. "Ile imeoza, muzee. Sikia harufu. Sumu imeshaingia mu damu. Mukikula ile, kesho hamutasimama."

Aliinama akanusa, akarudi nyuma. Yule mwenye kitenge mguuni akasema, "Anadanganya. Anaipenda." Na ni kweli alikuwa amenisoma. Akainua bunduki ampige Masika ndani ya banda, ili wamwangalie vizuri akiwa amekufa.

Hapo nikamtoa mwingine. Katika banda la pembeni kulikuwa na mbawala dume aliyegongwa na pikipiki. Mguu wake nilikuwa nimeutunza mwenyewe tangu uvunjike mpaka alipoanza kuruka. "Kuko mbawala," nikasema. "Amenona, nyama yake iko safi. Miye niko mutoto ya muchinjaji. Papa yangu anachinjaka bangombe ku soko ya Butembo. Nitawachinjia vizuri, hakuna kitu itaharibika."

Wakacheka. Mkubwa akasema, "Chinja basi, tuone kama uko mutoto ya kazi."

Niliomba nimpeleke nyuma ya stoo. Wewe hujawahi hata siku moja kuchinja mnyama mbele ya mwenzake, unamzungusha nyuma ya ukuta hata mvua ikinyesha, na ukatufundisha hivyo kabla hujatuamini na kisu. Mkubwa akakataa. Alisema nikienda nyuma nitakimbia. "Apa apa," akasema, na bunduki ikaonyesha mahali. Palikuwa mbele ya banda la Masika, karibu kiasi kwamba angeweza kunyoosha mkono akanigusa.

Nilifungua banda nikamwita mbawala. Akaja. Hakukuwa na haja ya kamba, Papa, alikuja mwenyewe akinusa mifuko yangu kama kila asubuhi. Nilichukua kile kisu changu cha nyama za tai, ulichoninolea mwenyewe nilipoondoka nyumbani. Nilimlaza, nikamkandamiza kwa goti, nikatafuta mahali kwa kidole gumba, nikapitisha mara moja. Hakupiga kelele. Damu ilikwenda mbali, ikafika kwenye waya wa banda. Nilisikia mmoja wao akisema, "Huyu anajua." Wahenga walisema tembo wawili wakipigana zinazoumia ni nyasi, lakini mnyama aliyekaa kwenye zile nyasi akijiona amepona, habari yake haisemwi.

Wakati wote huo Masika alikuwa amesimama. Mkono wake mzima umeshika waya, manyoya yamesimama mwili mzima, mdomo wazi, na sauti haitoki. Nilimwangalia mara moja, nikainamisha macho kwenye kazi. Nilimchuna mbawala na kumkata vipande, kwa sababu walitaka vipande. Nilifanya kazi safi. Hasira yangu ilikuwa nyingi lakini mikono haikutetemeka, na jambo hilo lenyewe liliniogopesha. Walipakia nyama katika ngozi yake, wakaondoka. Yule mwenye kitenge alirudi kutoka getini, nikajua sasa ndio mwisho. Alinipa ini. "Shika," akasema, "na weye uko na njala." Sauti yake ilikuwa ya mtoto wa watu wa kawaida.

Tulibaki na chupa moja ya dawa ya usingizi iliyokuwa imeviringika chini ya meza, na haikujaa. Nyuzi zilikuwepo. Visu vya Dokta havikuwepo. Nilikiosha kile kisu changu, nikakichemsha mpaka mpini ukapasuka, na Dokta akakikagua kwa mkono wake wa kushoto kwa muda mrefu.

"Ni hii tu iko," nikasema.

"Basi ni hii."

Nilipofungua banda la Masika alijinyea. Alirudi nyuma mpaka hakukuwa na nyuma tena. Yule aliyekuwa ananing'inia shingoni mwangu aliniangalia kama ninavyomwangalia mtu mwenye bunduki. Nilipomkamata aliingiza meno begani, hapo ndipo lilipotoka kovu, na hakuachia mpaka dawa ilipoanza kumlegeza. Muzee Bahati alimlaza mezani akamshika, damu ya mdomo wake ikidondokea shati. Nje walikuwa wanaendelea kupigana.

Dokta alikaa karibu, mkono wake umefungwa kifuani, anasema polepole. "Mbele ufunge mushipa. Mbele ya kukata, Kavira, apana nyuma." Nikafunga. "Iko mwingine ndani, inapitaka karibu na mufupa. Itafute, haina haraka." Nikautafuta, nikaufunga. "Sasa ngozi. Acha ngozi mingi, itafunika." Nikaacha. Kilichobaki kilikuwa kiungo, na kiungo nilikijua. Kiwiko chake hakina tofauti kubwa na kile ulichoniwekea mkononi nikiwa msichana mdogo, ukaniambia nisikate mfupa, nitafute mlango wake. Niliupata mlango. Nikageuza kisu.

Hapo dawa ikaisha nguvu. Masika alifungua macho, akaniona, na kisu kimo ndani yake. Alipiga ukelele ambao sitakuandikia ulivyokuwa. Muzee Bahati alimlalia kwa kifua chote akilia waziwazi, mwanamume mzima, na Dokta akasema kwa sauti ileile, "Maliza. Ukisimama sasa unamuua." Nikamaliza. Mkono ulianguka kwenye beseni, mweusi na mwepesi. Hakutoka damu nyingi. Niliangalia beseni nikaona ni kavu karibu yote, na hiyo ndiyo mara ya kwanza maishani mwangu kulifurahia beseni kavu.

Jioni Muzee Bahati alikaanga lile ini. Hatukuwa tumekula tangu jana yake. Tulikula wote watatu bila kuangaliana, Dokta akalishwa na mimi kama mtoto. Nakwambia kwa sababu sitaki uniwazie kuwa bora kuliko nilivyo. Dokta alifikishwa hospitali njia zilipotulia. Vidole viwili vilikatwa. Amerudi kazini, anafundisha mkono wa kushoto kushona.

Masika alikuwa na homa kali. Alitetemeka, akakataa maji, ikafika mahali nikamwambia Mungu amchukue kama ataendelea hivyo. Hakumchukua. Homa ilishuka, kidonda kikakauka, ngozi ikafunika kama Dokta alivyosema. Leo ni mzima, Papa. Anakula, ananenepa.

Lakini hataki kuniona. Nikitokea tu kwenye kona anapiga kelele mpaka mabanda yote yanachafuka, anajirusha ukutani, anarusha kinyesi. Mara ya kwanza, kidonda kikiwa bado na nyuzi, nilidhani ni maumivu. Nikamletea ndizi, nikakaa chini mbali kidogo, nikamwita kwa sauti ile ya zamani. Aliposikia sauti hiyo alichana nyuzi zake mwenyewe kwa meno. Damu ikatoka tena. Tulijaribu siku nyingine nikiwa nimebadilisha nguo, ikawa vilevile. Hata ndizi niliyoimenya mimi, Muzee Bahati akimpa, ananusa anaitupa. Aliona nilivyomwita mbawala kwa upole akaja, na akaona kilichofuata. Halafu kisu kilekile kikamjia yeye. Ningekuwa yeye nami ningefanya hivyo.

Dokta aliniita. "Usifike tena kule," akasema. Halafu akaona uso wangu, akajaribu kunichekesha. "Wale bengine siye tunahangaika na bo miezi, tunabafundisha waogope batu, na habajue. Huyu ameshamaliza masomo. Mu pori mutu hatamushika hata siku moja. Weye njo umefanya hiyo."

Nilicheka kidogo ili asijisikie vibaya. Kisha nikaenda nyuma ya stoo nikalia mpaka nikaishiwa. Alikuwa anasema kweli na ukweli wake haukunisaidia. Mimi sikutaka aogope watu. Nilitaka aogope watu wengine wote isipokuwa mimi.

Sasa ninapita upande wa nyuma. Wamemfungia kamba za kupandia, na Muzee Bahati anasema anapanda kwa mkono mmoja na miguu, anafika juu kabisa kuliko sokwe wenye mikono yote, na akifika anacheka ile pumzi yao ya kucheka. Sijawahi kumwona akipanda. Nasimama nyuma ya ukuta nikiwa na ndoo yangu, nasikia kamba inavyolia juu ya boriti, najua ni yeye. Kamba ikinyamaza naondoka, upepo usije ukampelekea harufu yangu. Mvua zikikatika watampeleka msituni, na nitakuwa nimebaki humu ndani hadi gari litakapotoka.

Nisalimie Mama, umwambie avue nyeusi. Msalimie dada Masika, mke wa mwalimu, na umweleze kwa utaratibu habari ya jina lake. Msalimie Kambale, mdogo wangu wa pikipiki, asipeleke abiria njia ya msituni hata wakimwongezea bei. Koko, mzazi wa Mama, mwambieni sala zake nilizisikia, hasa ile ya kelele. Na yule binamu anayekusaidia kibandani, asikate mfupa. Shangazi anawasalimu wote. Wasingya, asante sana kwa kunilea.

Na wewe Papa, nina swali moja, usinijibu kwa mzaha. Miaka yote ile ulirudi kutoka machinjioni, sisi tukakukimbilia mlangoni, nawe ukatuinua mmoja mmoja mpaka juu ya kichwa. Tulikuwa hatuogopi. Ulifanyaje ili tusiijue mikono ile?

Binti yako,
Kavira